Kazi Imepatikana, Namba Bado

Maswali ya wasomaji

Tanga ni mji uliojengwa kwa jasho la watu waliotoka mbali. Mashamba ya mkonge yaliyouzunguka yalijaa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji, waliofanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, kabla ya kulipwa. Siku hizi ni watoto wetu wanaofungasha mabegi, na barua zinazofika katika safu hii zinaonyesha kwamba taabu yao ya kwanza ugenini mara nyingi haiwi ya kukosa kazi, bali ya kupata kazi kisha kuambiwa wasianze kwa sababu karatasi fulani haijafika. Toleo hili nimeliachia jambo hilo peke yake. Barua nimezifupisha na majina nimeyaacha.

SWALI: Mhariri, asalaam aleikum. Mimi ni mama mtu mzima, naishi Ngamiani, barabara ya 12. Binti yangu aliolewa na kijana wa hapa hapa Tanga ambaye sasa ni raia wa Marekani, na hivi karibuni alipewa viza ya uhamiaji akaenda kuungana na mumewe mjini Columbus, jimbo la Ohio. Amepata kazi katika ghala la kufungasha mizigo. Alipokwenda kuandikishwa, dada wa ofisini alimwambia kuwa bila kadi ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii ya huko, hawezi kuanza, arudi nyumbani mpaka kadi ije. Grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, nayo haijafika. Ananipigia simu usiku analia, anasema amekuwa mzigo kwa mumewe. Je, ni kweli kwamba sheria ya huko inamzuia? Akae asubiri, au kuna la kufanya? Na mimi nikiwa huku Ngamiani naweza kumsaidia nini?

JIBU: Waaleikum salaam, na shikamoo mama yangu. Nianze na jambo litakalokuondolea wasiwasi. Ikiwa binti yako aliingia Marekani kwa viza ya uhamiaji, basi alikuwa mkaazi wa kudumu tangu saa ile afisa wa mpakani alipompokea na kumgongea muhuri, na ruhusa yake ya kufanya kazi ilianza saa hiyohiyo. Ruhusa hiyo haingoji kadi ya Social Security wala haingoji grinikadi, kwa kuwa kadi hizo zinakuja kuthibitisha na kurahisisha jambo ambalo tayari limekwisha kuwa.

Yule dada wa ofisini amechanganya vitu viwili ambavyo sheria ya Marekani imevitenganisha. Kimoja ni ruhusa ya kufanya kazi, ambayo mwajiri analazimika kuihakikisha kwa kila mtu anayemwajiri, awe raia au mgeni. Kingine ni namba ya Social Security, ambayo mwajiri anaihitaji ili mishahara na makato yaandikwe kwa jina la mwenyewe. Mtu asiye na cha kwanza hawezi kuajiriwa kihalali hata awe na namba kumi. Mtu mwenye cha kwanza anayengoja cha pili anaweza kuanza kazi, na idara ya Social Security yenyewe inawaeleza waajiri hivyo: hakuna sheria inayotaka mtu awe na namba mkononi kabla ya siku yake ya kwanza ya kazi.

Sasa tuje kwenye karatasi zenyewe, kwa sababu binti yako akienda ofisini na maneno matupu hatasikilizwa, lakini akienda na ukurasa sahihi wa pasipoti mambo yanaweza kubadilika palepale.

Tangu sheria ya uhamiaji ya mwaka 1986, kila mwajiri Marekani hujaza fomu iitwayo I-9 kwa kila mfanyakazi mpya. Sehemu ya kwanza anaijaza mfanyakazi mwenyewe, na haipaswi kuchelewa kupita siku ya kwanza ya kazi yenye malipo. Sehemu ya pili anaijaza mwajiri ndani ya siku 3 za kazi baada ya siku hiyo, akiwa ameziona hati za mfanyakazi. Hati zinazokubalika zimepangwa katika orodha tatu. Hati iliyomo katika orodha A inatosha peke yake, kwa sababu inaonyesha kwa pamoja mtu ni nani na kwamba anaruhusiwa kufanya kazi. Asiye na hati ya orodha A anatoa mbili, moja ya orodha B inayoonyesha yeye ni nani, kama leseni ya udereva, na moja ya orodha C inayoonyesha ruhusa ya kazi, na humo ndimo ilimo kadi ya Social Security. Kwa hiyo kadi hiyo ni njia moja kati ya njia kadhaa. Anayechagua njia ni mfanyakazi, na mwajiri hana mamlaka ya kumchagulia.

Hati ya orodha A ya binti yako anayo tayari, pengine bila kuitambua. Mwambie afungue pasipoti yake ya Tanzania kwenye ukurasa ulipobandikwa viza. Atazame chini, karibu na ile mistari miwili ya herufi na alama zinazosomwa na mashine. Ataona sentensi fupi ya herufi kubwa isemayo kwamba viza hii, ikishaidhinishwa, ni uthibitisho wa muda wa I-551, yaani wa ukaazi wa kudumu, kwa mwaka 1. I-551 ndilo jina rasmi la grinikadi. Kisha atafute muhuri wa kuingia, ambao kwa kawaida hugongwa kwenye ukurasa huohuo au wa jirani, aangalie kama tarehe inasomeka. Pasipoti yenye viza ya namna hiyo imetajwa waziwazi katika orodha A, na kwa mwaka mzima tangu tarehe aliyopokelewa mpakani inafanya kazi ya grinikadi mbele ya mwajiri yeyote.

Kwenye sehemu ya kwanza ya I-9 kuna visanduku vinne vya kueleza hali ya mtu, na hapa naomba umsisitizie kwa sauti ya mama. Asiweke alama kwenye kisanduku cha raia wa Marekani, hata kama mumewe ni raia, hata kama karani ana haraka na anamwonyesha kisanduku cha juu kwa kuwa ndicho kinachojazwa na wengi. Kudai uraia usio wako katika fomu ya kazi ni kosa ambalo sheria ya uhamiaji hailisamehe kirahisi, na limewahi kuwafungia watu mlango wa ukaazi na wa uraia baada ya miaka mingi ya maisha mema. Kisanduku chake ni cha mkaazi halali wa kudumu, na mbele yake ataandika namba yake ya uhamiaji inayoanza na herufi A, ambayo imechapwa juu ya viza hiyohiyo kama namba ya usajili. Nafasi ya namba ya Social Security katika fomu hiyo ni ya hiari, isipokuwa mwajiri akiwa anatumia mfumo wa kielektroniki wa kuhakiki ruhusa ya kazi uitwao E-Verify.

Na kama ghala hilo linatumia E-Verify, bado hana sababu ya kurudishwa nyumbani. Maelekezo ya mfumo huo yanasema kwamba mfanyakazi aliyekwisha kuomba namba na hajaipata aachwe aendelee na kazi. Mwajiri anaandika kwenye kumbukumbu kwamba uhakiki umecheleweshwa kwa sababu namba inangojewa, kisha anaufanya namba ikishafika.

Mtu wa mishahara naye atauliza ataandika nini mahali pa namba. Jibu lake limo katika mwongozo wa idara ya Social Security kwa waajiri: achukue jina kamili la mfanyakazi, anwani, tarehe na mahali alipozaliwa, jinsia, jina kamili la baba, jina la mama la kabla ya kuolewa, na tarehe aliyoomba namba. Mwaka ukiisha na namba bado haijaja, fomu ya mapato ya W-2 hujazwa maneno ya kuonyesha kuwa namba imeombwa, au sufuri tupu kama inatumwa kwa njia ya kielektroniki, na baadaye husahihishwa. Makato yanaendelea kama ya mfanyakazi mwingine yeyote: asilimia 6.2 ya Social Security na asilimia 1.45 ya bima ya matibabu ya wazee, pamoja na kodi ya mapato. Hakuna sababu yoyote ya kumfanyisha kazi na kuuzuia mshahara mpaka kadi ije, na akiambiwa hivyo asikubali. Namba ikishapatikana aipeleke siku hiyohiyo kwa mtu wa mishahara, kwa sababu fedha zilizokatwa bila namba zisipooanishwa na jina lake hazihesabiki katika haki zake za uzeeni.

Umeuliza akae asubiri au afanye nini. Asikae. Arudi ofisini kwa adabu, mchana ambapo hakuna msongamano wa zamu, aombe kuonana na msimamizi wa ajira badala ya karani wa dirishani. Aseme kwamba yeye ni mkaazi wa kudumu, kwamba amechagua kuonyesha pasipoti yenye viza ya uhamiaji ambayo ni hati ya orodha A, na kwamba namba yake ya Social Security imeshaombwa. Aombe wafungue pamoja ukurasa wa maelekezo ya I-9 unaoonyesha orodha za hati. Kwa maoni yangu wengi wanaowarudisha wageni namna hii hawana nia mbaya. Wamezoea kuona leseni ya udereva na kadi ya Social Security asubuhi hadi jioni, na pasipoti ya kigeni inawatia hofu ya kukosea. Ukurasa wa serikali wenyewe huwatuliza kuliko ubishi.

Wakikataa hata hivyo, sheria ya uhamiaji imemwekea kinga. Mwajiri mwenye wafanyakazi 4 au zaidi haruhusiwi kudai hati fulani mahususi au kuikataa hati halali kwa sababu ya uraia au asili ya mtu. Katika Wizara ya Sheria ya Marekani kuna kitengo cha haki za wahamiaji na wafanyakazi kinachoshughulikia malalamiko hayo, kina simu ya bure ya wafanyakazi, 1-800-255-7688, na hutoa wakalimani. Mara nyingi wanampigia mwajiri simu na jambo likaisha bila kesi. Akitaka kupeleka lalamiko rasmi, lipelekwe ndani ya siku 180. Asiogope kwamba kulalamika kutaharibu grinikadi yake, kwani ni haki aliyopewa na sheria, na mwajiri kumlipizia kisasi ni kosa jingine.

Kadi zenyewe ziko wapi? Alipojaza ombi la viza la DS-260 aliulizwa kama angependa kupewa namba ya Social Security. Kama alijibu ndiyo, namba hutengenezwa baada ya kuingia kwake na kadi hutumwa kwa posta, kwa kawaida ndani ya wiki 3 hivi. Kama alijibu hapana, au wiki hizo zimepita, aende ofisi ya Social Security ya karibu, akiwa amepanga miadi kwanza, na pasipoti yake halisi pamoja na fomu SS-5 ya kuombea namba. Wanataka hati halisi, na nakala hata ikiwa na muhuri wa wakili hawaipokei. Huduma hiyo hailipiwi hata senti moja, kwa hiyo mtu yeyote anayemdai fedha ili amtafutie namba ni tapeli. Akitoka hapo aombe barua inayoonyesha kuwa ameomba, aiweke pamoja na pasipoti, ampe na mwajiri nakala.

Grinikadi haitoki mpaka ada ya uhamiaji ilipwe kwa mtandao, ambayo kwa viwango vilivyoanza Aprili 2024 ni dola 235. Wapo wanaofika wakidhani kwamba ada ya ubalozini ilimaliza yote, wakangoja miezi bila kujua kwamba hakuna kinachotengenezwa. Baada ya malipo na kuingia nchini, idara ya uhamiaji huomba mtu avumilie hadi siku 90. Amwulize mumewe kama ada ililipwa, na wahakikishe kwamba jina lake kamili, lile la kwenye pasipoti, limeandikwa kwenye sanduku la barua la nyumba wanayoishi. Hili la sanduku linaonekana dogo, lakini mpeleka barua wa kule akikuta jina geni anaweza kuirudisha bahasha ilikotoka, na kadi iliyorudishwa ni kazi nzito kuipata tena. Wakihama nyumba, idara ya uhamiaji ijulishwe ndani ya siku 10.

Wewe mama yangu unaweza kumsaidia kwa jambo ambalo hakuna mwingine awezaye kulifanya vizuri zaidi. Fomu SS-5 na maelezo ya mwajiri yanataka majina ya wazazi. Kwetu hapa mtu mmoja anaweza kuitwa jina moja kwenye cheti cha kuzaliwa, jingine chuoni, na la tatu mtaani. Tafuta cheti chake cha RITA, kipige picha kwa simu pande zote mbili, umtumie. Mweleze jina lako la kabla ya kuolewa liliandikwaje, kwa herufi zipi, ili asije akaandika jina la nyumbani tunalokuitia sisi. Kisha mwambie kwamba kusubiri posta hakujamfanya kuwa mzigo. Mumewe alipitia njia hiyohiyo.

SWALI: Mdogo wangu yuko Houston, aliingia kwa viza ya matembezi. Binamu yetu mwenye makaratasi yote amejitolea kumwazima namba yake ya Social Security aanze kazi ya mgahawani wakati anatafuta njia ya kubaki. Wengine wanamwambia atafute namba ya kodi ya ITIN, eti hiyo ndiyo mbadala. Ipi ni salama? Makorora.

JIBU: Hakuna iliyo salama, ndugu yangu, na ninakuandikia kwa uchungu kwa sababu najua mmefikiri kwa upendo.

Mdogo wako hafanani na yule binti wa Ngamiani. Yule ana ruhusa, anangoja namba. Huyu viza yake ya matembezi haimpi ruhusa ya kazi, kwa hiyo namba ya mtu mwingine haitaijaza pengo hilo. Kutumia namba ya Social Security ya mtu mwingine kwa udanganyifu ni kosa la jinai katika sheria za shirikisho, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Binamu naye hatabaki salama: mishahara ya mdogo wako itaandikwa kama mapato yake, ataulizwa na watu wa kodi kwa nini hakuyataja, na kama ana grinikadi anaweka ukaazi wake rehani kwa ajili ya kazi ya kuosha vyombo. ITIN ni namba ya kodi tu, hutolewa kwa watu wanaopaswa kuwasilisha hesabu za kodi na hawastahili Social Security. Haimruhusu mtu yeyote kufanya kazi.

Aonane na wakili wa uhamiaji mwenye leseni, au shirika la misaada ya kisheria ambalo Wizara ya Sheria ya Marekani imelitambua, amweleze hali yake yote bila kuficha, naye atamwambia kama ana njia yoyote ya kihalali. Ajihadhari na watu wanaojitangaza kuwa wathibitishaji wa nyaraka kana kwamba ni mawakili, kwa kuwa huko mthibitishaji wa nyaraka hana haki ya kutoa ushauri wa kisheria. Tarehe ya mwisho ya kukaa aliyopewa mpakani isimpite wakati mnashauriana.

SWALI: Mwanangu amekwenda kusoma chuo kikuu Marekani kwa viza ya F-1. Maktaba ya chuo imempa kazi lakini hana namba. Ataruhusiwa? Baba, Raskazone.

JIBU: Ataruhusiwa. Mwanafunzi wa F-1 anaweza kufanya kazi ndani ya chuo chake hadi saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea, na anaweza kuanza kabla namba haijatoka. Yeye, tofauti na mkaazi wa kudumu, hapewi namba mpaka awe na kazi, kwa hiyo aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni apewe barua, na maktaba nayo imwandikie ya kwake, kisha azipeleke Social Security pamoja na pasipoti na hati ya I-20 aliyopewa na chuo. Wanashauri mwanafunzi angoje siku 10 tangu kufika ili taarifa zake ziwe zimeingia kwenye mfumo. Atazame hati yake ya kwanza ya mshahara: katika miaka 5 ya mwanzo mwanafunzi wa aina yake kwa kawaida hakatwi Social Security wala ile bima ya matibabu, na vyuo wakati mwingine huyakata kwa mazoea. Kazi ya nje ya chuo asiikubali bila idhini, hata ya rafiki, hata ya siku moja.

SWALI: Mimi ni nesi kutoka Pangani, nimeajiriwa hospitali moja Uingereza, nina wiki moja tu tangu nifike Leicester. Wenzangu wananitisha kwamba bila namba ya Bima ya Taifa (National Insurance) mshahara wangu wote utakwenda kwenye kodi. Niahirishe kuanza?

JIBU: Hongera dada yangu, na usiahirishe. Uingereza mtu anayeweza kuthibitisha haki yake ya kufanya kazi anaruhusiwa kuanza kabla ya kupata namba hiyo. Uthibitisho wako siku hizi uko katika viza ya kielektroniki: unaingia kwenye akaunti yako ya uhamiaji, unatengeneza msimbo wa kumpa mwajiri, naye anauhakiki mtandaoni. Msimbo huo hudumu siku 90. Ukiwa humo, angalia kama namba ya Bima ya Taifa haijaandikwa tayari, kwa sababu wako wanaoikuta. Isipokuwepo, iombe mtandaoni. Ukishathibitisha wewe ni nani inaweza kuchukua hadi wiki 4.

Kuhusu kodi, wenzako wamekuza jambo. Mwajiri atakupa fomu ya mfanyakazi mpya, uijaze kwa makini ukieleza kama hii ndiyo kazi yako ya kwanza katika mwaka wa kodi, ambao huko huanza tarehe 6 Aprili. Usipoijaza unaweza kukatwa kwa kiwango cha dharura, kilicho juu kuliko unachostahili, lakini kinachozidi hurudishwa taarifa zako zikikaa sawa. Hifadhi kila hati ya mshahara.

SWALI: Mimi ni Mkenya wa Kwale, fundi wa mashine. Kiwanda kimoja cha hapa Tanga kimenichukua, na msimamizi ameniambia nianze Jumatatu kwa sababu ombi la kibali limeshalipiwa na risiti ipo. Kwa kuwa sisi ni wa Jumuiya moja, si inatosha?

JIBU: Karibu Tanga, ndugu yetu. Kutoka Lunga Lunga hadi Horohoro ni hatua chache, na watu wa pande mbili hizi ni jamaa tangu zamani, ndiyo maana naona vigumu kukukatisha tamaa. Lakini haitoshi, na Jumatatu usiende karakana.

Hapa kwetu jambo limepangwa tofauti na yale niliyomweleza mama wa Ngamiani. Binti yake alipewa ruhusa kwanza, na kinachongojewa ni kitambulisho. Wewe unachongoja ndiyo ruhusa yenyewe. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamkataza mwajiri kumfanyisha kazi mtu asiye raia kabla ya Kamishna wa Kazi kutoa kibali, na risiti inaonyesha tu kwamba ombi limepokelewa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, ilifungua milango kwa wafanyakazi wa nchi wanachama, ila haikuondoa kibali. Wala muda wa matembezi uliogongewa Horohoro haukupi haki ya kushika spana kwa mshahara. Akija mkaguzi, kiwanda kitakuwa na kosa na wewe utakuwa na la kwako, na anayerudishwa kwao ni wewe, msimamizi anabaki ofisini.

Mwombe msimamizi akuandikie mkataba unaosema kazi itaanza siku kibali kitakapotolewa, ili nafasi yako isichukuliwe na mtu mwingine. Uliza wameomba daraja gani la kibali, kwa kuwa fundi mwenye utaalamu anaombewa daraja tofauti na mwekezaji, na ombi lililokosewa daraja hurudishwa. Vyeti vyako vya ufundi kutoka Kenya uwe navyo halisi. Kibali cha kazi kikitoka, Idara ya Uhamiaji nayo ikupe kibali cha ukaazi, maana hivyo ni viwili na kimoja hakisimami mahali pa kingine. Kisha, ukiwa na ukaazi halali wa zaidi ya miezi 6, nenda NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, uandikishwe kama mgeni mkaazi, kwa sababu benki, laini ya simu na hata namba ya mlipakodi vyote vitakuulizia namba hiyo. Hadi hapo, kama kiwanda kinakuhitaji kweli, kitakungoja. Kisipoweza kungoja, andikia safu hii tena.